Digrii Tatu Zilizopotea

Baiskeli nyepesi ya mashindano ya milimani ikiletwa karakanani kwangu hapa Moshi, sianzi na giya wala breki. Naiegemeza ukutani, narudi nyuma hatua chache, natazama bomba la mbele la fremu, lile ambamo shingo ya foki hupita kwenda kwenye usukani. Limesimama au limelala? Nyingi za miaka ya 1990 na za mwanzoni mwa 2000 limesimama, digrii 71 kutoka usawa wa ardhi. Mwenyewe huwa anataka kushuka nayo njia za mawe na mizizi, zile zinazotoka vijijini juu, zikikata katikati ya migomba na kuruka mifereji mpaka zifike lami. Na ombi huwa lilelile: "Fundi, nifungie shokapu ndefu."

Ombi hilo nalielewa. Ila mtu akizijua baiskeli hizi zilikotoka, ataona kwamba ugonjwa wake haukuanzia kwenye shokapu. Baiskeli ya mlimani ilizaliwa bomba lake la mbele limelala, mashindano yakalisimamisha kwa digrii tatu hivi, na ikapita miaka mingi kabla viwanda havijalilaza tena. Katika miaka hiyo yote waendeshaji na mafundi walikuwa wakitafuta dawa za kienyeji za kuishi na digrii tatu hizo.

Kaunti ya Marin iko kaskazini ya San Francisco, ng'ambo ya daraja la Golden Gate. Mlima wake mkuu, Tamalpais, haufiki hata mita 800, lakini miteremko ya eneo lile ni mikali, na imechongwa barabara za udongo kwa ajili ya magari ya zimamoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa huko walianza kununua baiskeli kuukuu za Schwinn, hasa aina ya Excelsior, zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Zilikuwa baiskeli za mjini, nzito za kufikia kilo 20, zenye tairi pana la inchi 26 ambalo Schwinn ililiingiza sokoni Marekani mwaka 1933. Vijana waling'oa madigadi, karia na kila kisichosaidia kushuka, wakapanda nazo mlimani, mara nyingi kwa kuzisukuma au kuzipakia kwenye pikapu, kisha wakaziachia.

Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Fundi yeyote aliyewahi kuifungua habu ya namna hiyo anajua kinachotokea ikisuguliwa dakika nne mfululizo: grisi inachemka, inatoka moshi, na chuma kinabaki kikisagana na chuma. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana hao, Charlie Kelly akiwa miongoni mwa waandaaji, walianza kushindana kwa saa kwenye barabara moja juu ya mji wa Fairfax, kilomita tatu na ushee, mteremko wa mita 400 hivi. Baada ya kushuka mara moja tu habu ililazimika kufunguliwa na kujazwa grisi upya, na jina la barabara, Repack, lilitokana na kazi hiyo. Gary Fisher aliishuka kwa dakika 4 na sekunde 22, Joe Breeze kwa sekunde mbili zaidi. Rekodi ya Fisher haikuvunjwa.

Kinachonivutia mimi katika habari hizi ni jinsi walivyofanya kazi. Hakukuwa na duka la vipuri vya baiskeli za mlimani, kwa sababu baiskeli hiyo haikuwepo. Desemba 1974 waendeshaji wachache kutoka Cupertino, kusini zaidi, walitokea kwenye mashindano ya huko Marin na baiskeli nzito za tairi pana zilizofungwa giya za kubadilisha na breki za ngoma. Wenyeji waliziona, na muda si mrefu Fisher naye akafunga giya kwenye Schwinn yake, pamoja na breki za ngoma na mikono ya breki ya pikipiki. Kila kipuri kilitoka kwenye chombo kingine. Ukienda kwa fundi yeyote wa pale sokoni Mbuyuni utamkuta anafanya vivyo hivyo: stemu ya baiskeli ya mtoto, kranki ya Phoenix, habu iliyotoka kwenye kontena la mitumba kutoka Ulaya.

Fremu za Excelsior zilikuwa zikipasuka. Kelly akamwomba Breeze amtengenezee mpya. Breeze alikuwa amejifunza kuunga fremu za baiskeli za barabarani, kazi ya mabomba membamba na vipimo vya milimita. Mwaka 1977 alikamilisha ya kwanza kwa chuma cha kromoli, akaendesha mwenyewe kwenye Repack, akashinda. Leo baiskeli hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia la Smithsonian, Washington. Ilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi, na watu wengi wakiisimulia husimulia chuma kile kizuri. Kwangu mimi jambo kubwa ni lile ambalo Breeze hakulibadilisha. Alikuwa na uwezo wa kuchora fremu yenye pembe kali kama za baiskeli za barabarani alizozizoea. Badala yake alifuata pembe za Excelsior ileile ya zamani, karibu digrii 68, kwa sababu alishazijua mwilini mwake kule mteremkoni.

Hapa inabidi nieleze digrii hizo zinafanya nini, maana bila hivyo yote yanayofuata yataonekana ni mambo ya mitindo. Chora mstari kupita katikati ya bomba la mbele, uushushe mpaka chini. Utagusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio unaofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, kwa kuwa tairi linaburutwa nyuma ya mstari wa usukani. Bomba likilala, umbali huo unaongezeka na gurudumu halitikiswi ovyo na kila jiwe. Zaidi ya hapo, ekseli ya mbele inasogea mbali na mikono ya mwendeshaji. Kwenye mteremko mkali uzito wa mtu hukimbilia mbele. Ekseli ikiwa karibu, gurudumu likigonga jiwe mtu anaruka juu ya usukani. Na ukishika breki, shokapu inazama, pembe inasimama zaidi, wakati uleule ambao ulihitaji ilale.

Baba yangu hakuwahi kupima digrii, lakini alishusha magunia ya kahawa kwa Raleigh kutoka Kibosho hadi kwenye chama cha msingi, kwenye barabara ambayo mvua ya masika ilikuwa ikiichimba upya kila mwaka. Raleigh ile, na Phoenix zilizokuja kushika nafasi yake, zina foki iliyolala, digrii 66 hadi 68. Magurudumu yake ni ya 28, na rimu zake pale tairi linapokaa zina kipenyo cha milimita 635. Rimu za baiskeli za mlimani zinazouzwa leo kwa jina la 29 ni milimita 622. Yaani wazee wetu walikuwa wakipanda rimu kubwa zaidi na pembe iliyolala kuliko baiskeli ghali za mashindano za mwaka 1995, na kwa sababu ileile: waliziendesha kwenye udongo na mashimo. Waingereza walizichora hivyo wakati ambapo barabara zao wenyewe zilikuwa mbovu.

Turudi Marin. Mwaka 1979 Fisher na Kelly walianzisha kampuni, na fremu zao zikatengenezwa na Tom Ritchey, fundi kijana mwenye mkono mwepesi ajabu. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi, na baiskeli ya mlimani ikaacha kuwa ya watu wachache wa mlima mmoja. Mwaka 1983 kikaundwa chama cha kitaifa cha Marekani cha mchezo huo, NORBA. Mashindano yakashika kasi, na sehemu kubwa ya mashindano yale ilikuwa kupanda. Kushuka huchukua dakika chache. Mshindi hupatikana kwenye kupanda, na kwenye kupanda kila gramu inahesabiwa.

Hapo ndipo pembe ikasimamishwa. Sitaki kuwalaumu wachoraji wa wakati ule. Bomba likilala, kwenye mpando mkali gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linatangatanga, linataka kunyanyuka. Bomba likisimama, na stemu ikiwa ndefu, kifua kinakaa juu ya gurudumu na baiskeli inafuata mstari. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 digrii 71 mbele na 73 kwenye bomba la siti zilikuwa zimeenea kiwanda hadi kiwanda. Stemu zikafika milimita 130 na zaidi, usukani ukapunguzwa hadi milimita 560 au 580 upite katikati ya miti na kupunguza uzito. Kwa kazi ya kupanda, baiskeli zile zilikuwa nzuri mno. Nikizipanda hadi leo nafurahi zinavyokwea.

Ila kila kinachopanda hushuka. Mwaka 1990 mashindano ya kwanza ya dunia yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa yalifanyika Durango, Colorado. Ned Overend na Juli Furtado walishinda mbio za kuzunguka msitu na milima, Greg Herbold akashinda kushuka kwa wanaume. John Tomac alishiriki zote mbili, kupanda na kushuka, usukani wake ukiwa ule uliopinda chini kama wa baiskeli ya barabarani. Ukitazama picha za mwaka ule, baiskeli ya kushukia na ya kupandia ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yenyewe ilikuwa inaanza kuonekana kwenye foki. Paul Turner, aliyetoka kwenye ufundi wa pikipiki, alikuwa ameanza kuuza foki za RockShox mwaka 1989, zenye mafuta na hewa, zinazozama chini kidogo ya sentimita tano.

Foki ile ilibadilisha mchezo, na ndiyo iliyotuachia ombi ninalolisikia kila wiki. Watu walifunga shokapu kwenye fremu zilizochorwa kwa foki ngumu, wakaona mikono haichoki, wakahitimisha kwamba shokapu ndiyo dawa, na shokapu ndefu ni dawa zaidi. Kilichofichika ni kwamba foki ndefu ilinyanyua sehemu ya mbele ya baiskeli na kuilaza pembe. Kila milimita 20 unazoongeza kwenye urefu wa foki, pembe inalala kwa digrii moja hivi. Sehemu ya nafuu waliyoisikia ilitoka kwenye springi, na sehemu nyingine ilitoka kwenye digrii ile moja. Lakini walilipia: kranki ilinyanyuka, siti ikaegemea nyuma, na kwenye mpando mtu akawa anahangaika.

Miaka iliyofuata ilileta dawa moja moja. Breeze mwenyewe, akiwa na mwenzake Josh Angell, alikuwa ameshatoa mwaka 1984 springi ndogo ya kufunga kwenye bomba la siti, ili mtu afungue kwa mkono, ashushe siti, aukabili mteremko mwili ukiwa chini na nyuma. Waendeshaji wa mashindano waliona ni uzito wa bure. Ikapita miaka zaidi ya ishirini kabla bomba la siti la kushuka kwa kitufe halijawa la kawaida, na leo hata mabingwa wa mbio za kupanda wanalitumia. Breki za diski za mafuta zilienea mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 Mavic, Hutchinson na Michelin walileta tairi lisilo na tyubu, ambalo linaweza kupunguzwa upepo bila tyubu kubanwa kati ya jiwe na rimu. Kati ya yote haya, mimi naliheshimu tairi kuliko mengine. Tairi pana lenye upepo mdogo ni shokapu ya kwanza, na halihitaji kubadilisha pembe hata moja.

Aliyegusa kiini, kwa maoni yangu, ni Fisher. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baiskeli zenye jina lake zilianza kurefushwa fremu na kufupishwa stemu, hivyo gurudumu la mbele likasogea mbali na mwendeshaji bila mikono yake kuhama. Kisha akayasimamia magurudumu ya 29 wakati wengi wakiyaona ni ya watu warefu tu. Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý wa Cheki alishinda dhahabu ya wanaume juu ya magurudumu hayo, akimpita Nino Schurter mwishoni kabisa. Mwaka huohuo kampuni ya Mondraker ya Hispania ilikuwa ikirefusha fremu zaidi na kufunga stemu fupi kupita kiasi kilichozoeleka. Na giya za mbele za sahani moja, zilizoingia sokoni wakati uleule, zikaachia nafasi kwenye usukani kwa kitufe cha siti.

Katika mbio zile za London alikuwepo Mnyarwanda, Adrien Niyonshuti, akashika nafasi ya 39. Nyuma yake kuna mkono wa Marin. Tom Ritchey alifika Rwanda mwishoni mwa mwaka 2005, akaona wakulima wakisafirisha kahawa na vijana wakishuka vilima kwa baiskeli za mbao zisizo na pedeli. Akachora baiskeli ya mizigo yenye sehemu ya nyuma ndefu kwa ajili ya magunia ya kahawa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyokusanya baiskeli za aina zote, za mbao zikiwemo. Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akaja kusaidia, na timu ya Rwanda ikaanzia hapo. Niyonshuti ni zao la timu hiyo. Nampenda Ritchey kwa hilo. Alikuwa fundi wa fremu nyepesi kuliko wengi duniani, lakini alipokabidhiwa vilima vya Rwanda na gunia la kahawa alichora chombo kirefu, kizito kiasi, chenye utulivu, kwa sababu kazi ilidai hivyo.

Siku hizi njia za mashindano zenyewe zimekuwa ngumu. Pale Izu, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, Mathieu van der Poel alianguka vibaya kwenye mwamba wa kurukia ambapo wakati wa mazoezi palikuwa na ubao, na Tom Pidcock akaondoka na dhahabu. Viwanda vimeelewa. Baiskeli nyepesi ya mbio za kupanda leo inatoka na digrii 67 au 68 mbele na shokapu ya milimita 110 au 120. Tumerudi kwenye pembe ya Excelsior, na ya Raleigh ya mzee wangu.

Zinazofika Moshi, hata hivyo, ni zile za katikati, za digrii 71. Ni fremu nyepesi, nzuri, nyingi za alumini, zimeshushwa kutoka kwenye kontena pamoja na majokofu na magodoro. Juzi kijana mmoja wa Machame aliniletea ya namna hiyo, foki yake ya milimita 80 ikiwa imekufa, ile mipira ya ndani imekauka na kupasuka. Mkononi alikuwa na foki ya milimita 140 aliyoinunua Arusha.

"Shikamoo fundi. Hii itaingia?"

"Marahaba. Itaingia, lakini sitaifunga."

Nikamwonyesha mshono wa nyuma ya bomba la mbele, upande wa chini. Foki ni mkono wa spana: ukiurefusha, nguvu ileile ya jiwe inalikaza lile ungio zaidi. Fremu ile ilipigiwa hesabu ya milimita 80, ukuta wa bomba mwembamba kwa ajili ya uzito. Chuma kikichoka huwa kinapinda au kuonyesha ufa mapema, rangi inajikunja, mtu anasikia mlio. Alumini nyepesi inaweza kukatika mara moja, na ikikatika hapo, usukani wote unabaki mikononi. Nyongeza ninayokubali kwenye fremu kama ile ni milimita 20, na lazima kwanza nisugue rangi pale kwenye mshono na kuutazama kwa kurunzi.

Tukakubaliana hivi. Foki ya milimita 100, ya mitumba lakini nzima, niliyoifungua na kuibadilishia mafuta na sili. Hiyo ikatupa digrii moja. Stemu ya 110 ikatoka, ikaingia ya 70, na usukani wa 580 ukabadilishwa kwa wa 720, ili mikono iwe na nguvu ya kulishikilia gurudumu. Sikushuka chini ya 70, kwa sababu fremu zile ni fupi. Stemu ikiwa fupi mno magoti yanakaribia usukani na kupanda kunakuwa mateso. Mbele tairi la inchi 2.25 lenye meno, nyuma la 2.1, maana kati ya foki za nyuma nafasi ilikuwa finyu na tope la njia za kule juu linahitaji mahali pa kupita. Diski ya mbele kutoka milimita 160 hadi 180, baada ya kuhakikisha foki inairuhusu. Bomba la siti la kitufe halikuwepo kwa bei yake, tukaweka klampu ya kufungua kwa mkono, na nikachora alama mbili kwa msumari kwenye bomba, moja ya kupandia, moja ya kushukia.

Akalipa nusu, akaiacha foki yake ya 140 dukani niiuze, akasema nusu iliyobaki ataileta foki ikipata mtu. Bado inaning'inia ukutani. Inamngoja mwenye fremu iliyochorwa kuibeba.